Maji Yatakubeba

4 Februari

Mama, shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na mikono yako. Je, bado inapasuka?

Kazi ya kivukoni nimepata, nafunga kamba. Mama, ziwa ni kubwa, ng'ambo huioni, ungeapa ni bahari. Lakini unachota kwa kiganja unakunywa! Msimamizi aliuliza kama najua kuogelea, nikacheka. Nikamwambia nimekulia kwenye mabwawa ya chumvi, jaketi la kuelea awape waoga. Ila sijaingia bado, ni baridi mno.

Hapa kwenye mgahawa wa gatini anatakiwa wa kuosha vyombo. Mlete mdogo wangu Chiriku.

Mwanao

21 Februari

Mwanangu, marahaba. Mikono ndiyo hiyo hiyo. Chumvi nikiikwangua inaingia kwenye nyufa, nauma meno.

Mdogo wako anakuja. Andaa masikio, mdomo wake haujui kupumzika. Najikaza, ila nyumba itapwaya. Kuhusu maji sina wasiwasi, niliwafundisha wote wawili: lala chali, nyoosha mikono, maji yatakubeba.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Salamu zimenikwama. Mjomba aliyekuja kumchukua amekwisha kukueleza, lakini nataka usikie kwangu.

Chiriku alimaliza vyombo, akasema anaoga atoe jasho. Akaruka kutoka gatini, akalala chali, akanyoosha mikono kama ulivyotufundisha. Alikuwa anacheka. Miguu ikatangulia kwenda chini, kisha kifua, na mimi nimesimama tu nikidhani ananitania. Nilipojitupa nami nikazama. Walinivuta kwa kamba, yeye hawakumuwahi. Ndiyo maana hata kwenye mazishi sikuwepo, nilikuwa kitandani hospitalini.

Msimamizi kaniuliza, "Si ulisema unajua kuogelea?" Kumbe hatujui, Mama! Anasema maji ya mabwawa yetu ni mazito kwa chumvi, yanamwinua yeyote, hata aliyelala usingizi. Haya matamu hayamshiki mtu, lazima upige mikono na miguu. Miaka yote ile tulikuwa tunaelea tu.

Niandikie. Hata matusi nitayapokea.

Mwanao

30 Aprili

Mama, shikamoo.

Kimya chako kinaniua. Mimi ndiye niliyemwita huku, najua. Maji ya bomba hapa ni ya ziwa hilo hilo, na kila nikinywa namkumbuka. Niambie tu kama bado mimi ni mwanao.

Mimi

19 Mei

Mwanangu, marahaba.

Wewe ni mwanangu, usiniulize tena neno hilo. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu naisikia sauti yangu mwenyewe: lala chali, maji yatakubeba. Ni mimi niliyemwambia, si wewe.

Juzi wenzangu walipokwenda kula, niliingia bwawa kubwa na nguo zangu. Sikufichi, nilitaka kumfuata. Nikajitosa, maji yakanirudisha juu. Nikajitosa tena, yakanirudisha. Nikaona basi hata nionje alichokionja yeye, mwili ushuke kidogo tu. Wapi! Nililala juu ya maji yale nikilia hadi wakaja kunitoa, macho yakiniwaka kwa chumvi. Mimi mzee nabebwa, mtoto wangu hakubebwa.

Sasa jirani analala kwangu, hataki nibaki peke yangu.

Acha kazi, rudi nyumbani. Kivuko usikipande, zunguka kwa barabara hata kama ni mbali. Nimebaki nawe tu.

Mama yako