Pindo la Sketi ya Mama Ustawi

Nyumbani, nyuma ya karakana
14 Juni

Mpendwa mjukuu wangu Sisimizi,

Kabla ya yote nipe habari za mwili wako. Huo mgongo umepona, au bado unabeba vyuma kama vile winchi hazijaletwa duniani? Na mke mwenzangu je? Mwambie namsalimu, na mume nimemwazima tu, sijampa. Kitukuu changu ameota meno mangapi? Usinijibu "wote wazima" ukanyamaza. Nataka meno.

Mimi nipo. Goti la kulia hugoma asubuhi, nikilitukana linasogea. Macho bado yanaona tundu la sindano.

Utaona mwandiko umepinda. Barua zangu zote huniandikia muuza duka, lakini hii haimhusu, kwa hiyo nimeshika kalamu mwenyewe, kwa zile herufi ulizonifundisha ulipokuwa ukifanya kazi zako za shule kwenye meza ya jikoni. Mlango wa darasa mimi sikuujua. Ukiona neno limevunjika, liunge.

Sisimizi, Mama Ustawi amefariki. Keti kwanza.

Ni moyo. Alikuwa kazini, kwenye ile ofisi ya ustawi wa jamii yenye benchi refu mlangoni. Akainuka kumwita mtu aliyefuata, akarudi kukaa, basi. Tumemzika Alhamisi.

Watu walikuja, mjukuu wangu, mpaka barabara ikaziba. Tena watu wasiofanana: mwenye tai, mwenye ndala, mama wa mapacha, mzee mmoja wa magongo. Hakuna aliyemjua mwenzake. Nikajiuliza, hawa wote wamejuana naye wapi? Halafu nikajijibu, mpumbavu mimi: kama sisi.

Ikafika zamu ya kumwelezea marehemu. Mkubwa wake wa kazi akasoma karatasi, vyeo na vituo, akakaa. Kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli, akauliza nani mwingine ana neno. Akauliza tena. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi nilikuwa mbele, nikamsikia akisema chini chini, "Kumbe dada yangu hakuwa na watu."

Neno lile lilinichoma. Wale hawakukosa la kusema. Kila mmoja alikuwa nalo na hawezi kulitoa, maana ukimsifu Mama Ustawi, lazima useme alikukuta wapi. Nani atasimama mbele ya wakwe na majirani aseme huyu alinikuta nimefungiwa ndani na mume wangu, au alinikuta naokota chakula jalalani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ndiyo ilikuwa inaingia kaburini. Yeye hakumwambia mtu. Hata tukipishana sokoni alinipita kama mtu baki mpaka nimwanze mimi salamu. Nilidhani ana maringo. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: watu wasije wakauliza, huyu anakujuaje?

Sasa sikiliza, mume wangu. Unajua tulivyokubaliana siku unaondoka: habari za lile ghala mlilovunja wewe na wale vijana wakubwa, na ile mahabusu ya watoto, zifie humu ndani. Mkeo asizisikie, wala wakwe zako. Nilikaa pale nikaikumbuka ahadi hiyo. Nikamtazama yule kaka. Nikasimama.

Nilisema ya kwangu tu. Nilisema nilimzika binti yangu, mama yako, nikalala, na sikutaka kuamka. Sikuoga, sikupika, wala sikujua nani ndani ya nyumba amekula. Mwanamke huyu akabisha hodi, nikamfukuza. Akarudi siku nyingine, sketi yake imefumuka pindo. Akasema, "Bibi, nasikia wewe ni mtu wa sindano. Nisitiri, nitaendaje ofisini hivi?" Nikainuka nimtoe aibu, halafu nirudi kulala zangu. Alipokuja tena, pindo liko chini. Nikamuuliza, wewe mwanamke unatembea au unapigana? Akacheka. Ikawa ndiyo desturi. Kila akija pindo limeanguka, na kila nikishona ananiuliza jambo moja dogo: binti yangu alipenda kula nini, sufuria ziko wapi, leo atapika nani. Mpaka siku moja nikajikuta nimeoga na kufagia kabla hajafika.

Hapo nikaishia. Kwamba baadaye alisimama mbele ya hakimu akasema mtoto huyu ana bibi, na bibi huyo anaamka asubuhi, nimemwona kwa macho yangu, na ndiyo sababu ulirudishwa nyumbani, upande huo sikuugusa. Ni wako.

Nilipokaa, mama wa mapacha akasimama. Akasema, "Na mimi." Akakaa. Mwenye tai akasimama, akailegeza tai yake: na mimi. Yule mzee akajivuta na magongo yake hadi akawa wima. Hawakueleza kitu. Likawa linatoka kila pembe, likafika nje barabarani, na mimi, na mimi, kaka mtu akajifunika uso kwa mikono.

Baada ya mazishi mdogo wa kike wa marehemu akanifuata. Akaniuliza kama nina hakika ni pindo. Nikamwambia, mikono iliyolishona ndiyo hii. Akasema, "Bibi, dada ndiye aliyetushonea tangu tulipofiwa na mama. Sare zetu zote. Cherehani yake iko chumbani mpaka leo."

Nikashika kichwa. Mwanamke yule alikuwa akikaa kwake, anachukua wembe, anafumua sketi yake nzuri makusudi, ili mimi nipate sababu ya kutoka kitandani. Na mimi miaka yote hii najisifu kwamba nilimsaidia. Nilicheka palepale makaburini, watu wakadhani uzee umepanda kichwani. Kisha nikalia.

Alinipeleka chumbani kwa marehemu. Nyuma ya mlango inaning'inia sketi ya bluu, pindo limefumuliwa, nyuzi bado mbichi. Hiyo haikuwa ya kuja kwangu, mimi naamka. Ilikuwa ya mtu mwingine, wa kesho yake. Kuna mtu mahali, Sisimizi, amelala, anangoja hodi.

Mdogo mtu alitaka niishone, iwekwe kumbukumbu. Nikakataa. Tukampelekea binti aliyepewa meza yake ofisini, mwenye miwani, mbichi bado. Nikamuuliza kama anajua marehemu alikuwa aende kwa nani. Akasema anajua, ila hawezi kutuambia. Nikampenda hapo hapo. Nikamkabidhi sketi nikamwambia, "Ivae hivyo hivyo. Na kama unajua kushona, jifanye hujui." Kiuno kitampwaya. Atafunga mkanda.

Wewe sikulazimishi kumfungulia mkeo hayo ya zamani. Lakini siku ukiwasikia watu wakisema hao wa ustawi kazi yao ni kuchungulia nyumba za wenzao, usitazame viatu vyako. Sema maneno mawili tu, unayajua. Ukiulizwa zaidi, hapo ni hiari yako.

Msalimie mke mwenzangu, na mama mkwe wako, na yule rafiki yako mchomeleaji mwenye kelele. Shangazi yako anakusalimu, anasema picha za mtoto hujamtumia, na yeye hasahau. Fundi viatu naye anakusalimu.

Mungu akuwekee mtu wa kubisha hodi siku utakayoshindwa kuinuka, na akuachie nguvu kidogo ya kumfungulia.

Ni mimi wako, nikupendaye kuliko huyo niliyemwazima,
Bibi yako