Aliyelia Chini ya Sakafu

Mjukuu wangu, mume wangu Masanja,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Tuko wazima, na yule ng'ombe mwekundu kazaa. Mama Neema ndiye ananiandikia, makosa ni yake.

Unauliza kama gesti uliyopangiwa kulala huko Rwamgasa ina mashetani. Nilipokuwa msichana ilikuwa nyumba tupu, na watu walisikia sauti chini ya sakafu. Mchana mmoja tulipita na kuni, tukasikia kilio ndani: "Mama, nakufa!" Wenzangu wakatupa kuni, wakakimbia. Mimi nikajiuliza, shetani gani anamwita mama yake? Nikaingia.

Chumbani kulikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na udongo umemfukia mwanamume mpaka kifuani. Nikafukua kwa mikono huku udongo ukizidi kuporomoka, mpaka akatoka. Kumbe ndiye aliyeeneza habari za mashetani, ili achimbe peke yake.

Hata hajamaliza kuhema, akasema, "Dada, usiwaambie watu hakuna shetani."

"Basi rudi shimoni," nikamwambia, "mashetani wako waje wakutoe."

Lala huko, mume wangu. Ukisikia mtu analia, fungua mlango.

Bibi yako