Muuaji Katangulia Kutiwa Pingu

Mwenzangu, nimeumbuka! Au sijaumbuka, hata sijielewi. Nimejifungia chooni hapa studio nacheka mpaka machozi.

Leo si ndiyo tulikuwa tunamwonyesha mfadhili ile filamu ya mauaji niliyoihariri? Skrini inawaka, tukio la kwanza: shangazi wa marehemu anatiwa pingu. SHANGAZI! Muuaji mwenyewe, kabla hata hajaua mtu!

Unajua nilifanya nini? Kila tukio nililipa jina kwa maneno: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Kompyuta ikayapanga kwa alfabeti! Kumi ikatangulia, ikafuata mbili, ndipo moja.

Tena nusu ya matukio sijayatia rangi, ni ya kijivu kama majivu.

Mwongozaji, Miwani wetu yule, kavua miwani, kanikata jicho. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mwisho kabisa ikaja tisa: shangazi anamkaribisha mpelelezi chai, anatabasamu. Taa zikawaka. Mfadhili anapiga makofi!

"Muuaji tunamjua tangu mwanzo, kwa hiyo kila akitabasamu nasisimka. Na hicho kijivu ni kumbukumbu zake, sivyo?"

Miwani bila kupepesa macho: "Nililiwazia hilo miezi mingi."

MIEZI MINGI!

Halafu Miwani kanivuta pembeni, ananong'ona: "Filamu ijayo ipange hivi hivi. Huu mtindo unaitwaje?"

Nikamwambia, "Abechede."

Akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu: "Ahaa, ule wa Kifaransa."