Sensa ya Gurudumu la Kushoto

Itauguá, Jumatatu asubuhi

Kwako dada yangu Zunilda,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko mizigo inayopakiwa kwenye basi la Buenos Aires mwezi wa Desemba. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui na baridi ya huko, na yule bibi unayempikia ameacha kunung'unikia chumvi. Huku hatujambo. Mama hajambo, ni magoti tu. Mimi mwenyewe ni mzima na nazidi kupendeza, ila nina hasira. Kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili, kwa hiyo ukiona tundu usidhani ni panya.

Naandika kwa sababu mumeo, shemeji Virgilio, amenituma. Amepata mnunuzi wa gari lako, mtu wa Caaguazú, na kwa kuwa kadi ina jina lako hawezi kuliuza bila sahihi yako. Ameniambia nikubembeleze, maana mdomo mtamu katika ukoo huu ni wangu. Hapo hakukosea. Lakini kwanza sikiliza habari za gari lenyewe.

Alilileta gereji kwangu Jumanne iliyopita. Ile taa ya njano ya breki za ABS inawaka tangu siku ulipogonga ukuta wa kanisa, na mnunuzi hataki gari lenye taa. Virgilio akasema niizime upesi, kisha akaongeza kwamba mwanamke akikanyaga breki kama anaua nyoka, hata gari lazima lipige kelele. Nilicheka, dada. Kumbe nilikuwa najichekea mwenyewe, lakini wakati huo sikujua.

Unajua kila gurudumu lina sensa yake, kidude kama kidole gumba, kazi yake kuhesabu mizunguko na kuipasha habari kompyuta ya breki. Nikachomeka mashine ya kupimia, ikasema sensa ya mbele kushoto imekufa. Mimi, fundi ninayesikia beringi ikikohoa kutoka mtaa wa pili, sikuuliza zaidi. Nikapiga jeki, nikatoa tairi, nikaufuata waya kutoka kwenye fenda mpaka nyuma ya kitovu cha gurudumu, na sensa nikaiona imeganda kwa kutu na udongo wetu mwekundu. Fundi mwingine angeivuta kwa pupa ikakatikia ndani. Mimi nilifungua bolti, nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikanywa tereré, ile chai yetu ya baridi, vibuyu viwili vitatu, kisha nikaizungusha kidogo kidogo kwa koleo mpaka ikatoka kama jino. Nikalisafisha tundu kwa msasa, nikaweka sensa mpya niliyonunua kwa Ña Obdulia, yule mama wa duka la spea. Nikawasha gari. Taa inawaka.

Hasira ya kwanza hiyo. Nikaenda dukani nikamwambia Ña Obdulia kwamba ananiuzia takataka iliyofungwa kwenye boksi zuri. Akanipa nyingine huku akisema sensa yake haina neno, kichwa changu ndicho kimeungua fyuzi. Nikaifunga ile ya pili. Taa inawaka! Nikarudi nikaibwaga juu ya kaunta mbele ya wateja, nikamwita mwizi, dada, mama wa watu aliyetulipia karo ya shule mwaka ule baba alipoumwa. Hakupandisha hata sauti. Aliniambia, “Wewe Tacho, mashine inasema, wewe unaitikia amina. Nyanyua magurudumu yote, zungusha moja moja kwa mkono, halafu tazama namba. Ukimaliza urudi uniombe radhi, na uje na mikate ya jibini, chipa za moto.”

Nilirudi nikitukana njia nzima, lakini nilifanya. Nikazungusha gurudumu la mbele kushoto kwa mkono. Kwenye mashine, namba ya kushoto ilikaa sifuri. Ya kulia ikapanda: nne, saba, kumi na mbili. Nikadhani mashine imelewa. Nikazungusha la kulia, hakuna kilichosogea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba waya za sensa hizo mbili zimepishanishwa. Sensa iliyokufa ni ya kulia, upande uliopiga ukuta, na nimeng'oa ya kushoto iliyokuwa nzima kabisa. Nikabadilisha ya kulia. Taa ikazimika.

Ningepaswa kufurahi, lakini nilikaa chini kwenye matope. Kwa sababu, dada, taa ile iliwaka baada ya ukuta, si kabla. Siku ile sensa zote zilikuwa hai, na zote mbili zilikuwa zinaidanganya kompyuta. Mvua, mteremko wa mawe, unakanyaga breki, gurudumu la kulia linaanza kuteleza. Kompyuta inadhani ni la kushoto, inalilegeza la kushoto, na la kulia linabaki limebanwa. Gari linavutwa kulia, kwenye ukuta. Ulituambia! Ulisema ulinyoosha usukani na gari likageuka lenyewe kama kuna mtu mwingine ameushika. Hakuna aliyekuamini, nami nikiwa wa kwanza.

Basi nikawaka moto. Gari lako, kama yote yaliyotufikia kupitia Chile, lilizaliwa na usukani kulia, likahamishiwa kushoto kwa kukata waya na kuziunga upya. Nikaapa nitamtafuta mpumbavu aliyeziunga, nimlishe koleo. Nikang'oa zulia na plastiki za chini ya dashibodi.

Maungio niliyakuta. Kila moja limezungushiwa tepu, kisha limefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, wa kijani, vifundo vitatu. Zunilda, nchi hii nzima mtu anayefunga waya hivyo ni mmoja, na ndiye aliyeshika kalamu hii.

Ni mwaka ule nilipofanya kazi kwenye gereji kule mji wa Fernando, tulipohamisha usukani wa magari matatu kwa siku. Nilijisifu kwamba naunga waya bila kutazama, huku nikiwachekesha wenzangu. Mwenye gereji aliniuliza kama nimezijaribu breki, nikamjibu kazi ya Tacho haijaribiwi. Kisha nikakuletea habari kwamba kuna gari zuri, nunua. Na baada ya ukuta, kwenye nyama choma ya Jumapili, ni mimi niliyesimama nikaigiza mguu wako, nikakupa jina la Mbomoa Kanisa. Watu walilia kwa kucheka. Wewe pia ulicheka. Alhamisi ukapanda basi la Buenos Aires.

Nimezirudisha waya mahali pake na kuziunga kwa solda. Nimelijaribu gari kwenye mteremko ule ule, mvua inanyesha, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote mara kumi. Limenyooka kila mara. Virgilio nilimweleza. Akasema nifunge mdomo, gari liuzwe, la sivyo hakuna atakayeniletea hata baiskeli. Jana Jumapili nilisimama pale pale penye nyama nikawaambia wote. Hakuna aliyecheka. Mama aliuliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Nikasema bado. Akaninyang'anya kibuyu cha tereré kabla sijamaliza kunywa, na mpaka sasa hajanipa kingine.

Kwa hiyo sikubembelezi. Usitie sahihi. Karatasi ya mauzo nimeiweka humu kwa kuwa ni yako, fanya nayo utakavyo, na ufunguo umo kwenye kona ya bahasha umefungwa kwa kitambaa. Virgilio ameudai mara mbili, nikamwambia apige ukuta. Wale wazazi uliokuwa ukiwapelekea watoto shule kwa gari hili nimewapitia mlango kwa mlango. Watano wamesema ukirudi watakupa watoto wao. Wa sita alinifungulia mbwa, naye ana haki.

Msamaha siuombi kwa barua. Njoo unitukane mbele za watu, na ukikosa neno nitakukumbusha.

Msalimie yule bibi wa chumvi. Mama anakusalimu, na Ña Obdulia pia, aliyezila chipa zote na bado hanisemeshi.

Ni mimi mdogo wako,
Anastacio, Tacho wako