Grafini na Simu ya Mama Njeri

Nakuru, Jumanne, Februari 2008

Eti ile kaboni ya penseli, ukiibandua kwa selotepu hadi ibaki utando mwembamba kupita wote, inaitwa grafini, na siku moja itatupa betri zinazojaa upesi ajabu. Nimeisoma leo kwenye intaneti pale saiba, nikarudi nyumbani nikijiona profesa.

Nikakuta jirani yangu, Mama Njeri, ameanika betri ya simu juani kama tunavyoanika za redio. Imevimba, imekufa. Tangu mumewe akimbie fujo za uchaguzi kule Subukia, anamngoja apige simu.

Nikamweleza grafini.

"Itafika lini, Baba Kim?"

"Labda miaka ishirini."

"Na akipiga leo?"

Hilo sikulisoma. Nikatoa laini yangu kwenye simu yangu, nikaweka yake, nikamwachia simu.

Tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nasikiliza. Bado haijalia.