Joachim wa Ndani ya Telefone

Likasi, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Baba Plamedie,

Mutoto wako ametoka kusimama peke yake sasa hivi! Ameachilia kiti, akatuangalia wote kama mukubwa wa masomo, kiisha akaanguka na kujipigia makofi. Sisi tuko wazima. Weye, mugongo ilipona?

Sasa timu. Tangu uniachie ule mchezo wa basket ku telefone, tumeshinda mara mbili, usicheke. Leo vijana wawili wametokea mule ndani ya mchezo, nafasi ya mazoezi iko moja, na mwingine lazima afukuzwe mbele ya Ijumaa kuisha. Michée: miaka 17, metre mbili na zaidi, lakini mpira unamukimbia. Mwingine: miaka 22, mufupi, anatupia mbali vizuri sana. Nichague nani?

Mama Plamedie

Kakanda, tarehe 7

Bibi yangu,

Mugongo inapona, asante. Umubusu mutoto. Hapa ku kazi rezo inabeba mesaje tu, mchezo hauingii, kwa hiyo macho yangu ni weye.

Usiangalie kile kijana anajua leo. Angalia miaka na urefu. Wa 22 amekwisha kukomaa. Michée utamufundisha kushika mpira, lakini hakuna mazoezi ya kurefusha muntu. Fukuza mufupi! Elie wa chumba yangu ananicheka: "Umeachia bibi timu, mutashuka mpaka chini!" Tumuzibe kinywa.

Baba Plamedie

Likasi, tarehe 9

Baba Plamedie,

Umeshindaje? Sisi muzuri, mutoto tu na meno yake.

Juu ya Michée uko na haki. Lakini minye siwezi. Yule mufupi jina yake ni Joachim! Jina ya baba yako, mukwe wangu, sijalitamka hata siku moja tangu unioe. Leo kidole yangu ifinye "fukuza"? Na baba mukwe mwenyewe anakaa pale, ananiomba chai! Walimutoa kazi ku mine ya shaba, sasa minye tena nimufukuze?

Mama Plamedie

Kakanda, tarehe 9, jioni

Bibi yangu,

Salamu kwa nyumba yote. Nimecheka mpaka Elie akafikiri ni malaria. Lakini hata minye siwezi kumufukuza baba. Kesho ni Ijumaa! Muulize baba mwenyewe, kwa heshima.

Baba Plamedie

Likasi, tarehe 10

Baba Plamedie,

Umeamukaje? Hapa ni furaha tupu.

Nilipiga magoti, nikamueleza yote. Baba mukwe akavaa miwani.

"Huyu njo anabeba jina yangu? Mbona mbio yake ni ya kobe?"

"Anatupia mbali, baba."

"Na nani atamuletea mpira? Muvivu! Mufukuze."

"Baba, kidole yangu inakataa."

"Leta hapa."

Akafinya mwenyewe, paa! Joachim ametoka, Michée ameingia. Kiisha akacheka mpaka machozi. Tangu walimutoa kazi, sijamuona akicheka vile. Sasa amesogeza kiti, anataka kuona Michée akijifunza. Nimesema tupumuzike mpaka kesho. Anasema kocha gani analala muchana! Ukirudi usishangae, timu iko na mukubwa mwingine, minye nimebaki tu wa kupika chai na...

Baba mukwe ananiita tena. Eee, baba, nakuya!