Vidonge Kumi na Viwili Vilivyobaki

KITUO CHA POLISI, TEMEKE
Maelezo ya pili ya shahidi kuhusu kifo cha Muhsin bin Said, mwenye duka

Jina: Theonest Kamugisha
Umri: Miaka 34
Kabila na dini: Mhaya, Mkatoliki
Kazi: Mtoa dawa katika hospitali mjini
Makazi: Temeke, nyumba ya nne kutoka duka la marehemu
Tarehe: 8 Aprili 1957, saa tatu asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeonywa kwamba ninayosema yanaandikwa na yanaweza kutolewa mahakamani, nami nimekubali. Maelezo niliyotoa hapa Jumamosi tarehe 6 yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu. Kwa nusu hiyo Zubeida binti Hija, mke wa marehemu, amewekwa ndani kwa tuhuma ya kumpa mumewe sumu. Nataka kutoa nusu iliyobaki.

Marehemu nilimfahamu kwa miaka sita. Nilinunua kwake mafuta ya taa, sukari na sabuni, na hakuna siku niliyotoka dukani bila kutaniwa. Alikuwa na saratani ya tezi za shingo. Alificha. Mtaani alisema ana uvimbe wa jino, akawa anajifunga kitambaa shingoni, na waliojua ni mkewe, mimi na mke wangu Jovina.

Mnamo tarehe 26 Februari alianza kuchomwa sindano za saratani, siku nne mfululizo. Sindano hizo huleta kutapika kusikokatika. Duru ile hakupewa dawa yoyote ya kuzuia kutapika. Zubeida alimweleza Jovina kwamba alibadilisha shuka mara tano, na mgonjwa akaapa kwamba hatarudi tena. Alirudi kwa sababu ya kubembelezwa na mkewe. Naomba hilo liandikwe.

Duru ya pili ilianza Jumanne tarehe 2 Aprili. Ilikuwa siku ya pili ya Ramadhani. Daktari, ambaye ni Mwingereza, alisema ugonjwa haungoji. Safari hii alimwandikia dawa mpya ya kuzuia kutapika. Saa nne asubuhi aliniita chumbani kwake akanipa maelekezo kwa Kiingereza nimfafanulie mgonjwa kwa Kiswahili. Ameze kidonge kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja jioni, asivichanganye. Kila akimeza alale saa nzima. Akiinuka ainuke polepole, kwa kuwa dawa hiyo hushusha nguvu ya damu, na mtu aliyeishiwa maji mwilini anaweza kuanguka. Asiinywe pamoja na dawa ya usingizi. Aliniambia nirudie, nikarudia yote bila kukosea. Kazi yangu naijua vizuri, na siku ile nilijiona naijua kupita kiasi.

Saa tano na nusu marehemu na mkewe walifika dirishani kwangu. Nyuma yao kulikuwa na watu wapatao arobaini na wengine walishaanza kugombana. Nilihesabu vidonge ishirini na kimoja, nikavifunga kwenye karatasi, nikaandika juu yake 1 × 3 kama tunavyoandika kila siku. Nikasema, "Vitatu kwa siku, siku saba." Mengine yote sikuyasema. Nilijiambia kwamba ni jirani yangu, nitamweleza dukani.

Marehemu hakuondoka. Aliinama dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Theonest, mie nimefunga."

Nikamwambia, "Wewe ni mgonjwa. Dini yako inakuruhusu kula."

Akasema, "Nikila mchana, kesho mtaa mzima utauliza naumwa nini. Nimeuliza wenye elimu. Sindano haifunguzi. Kutapika bila kutaka hakufunguzi. Kumeza ndiko kunakofunguza."

Zubeida alimwambia, "Fungua, Baba Wahiba. Utalipa siku zako ukishapona."

Marehemu alinigeukia. Aliniuliza mimi, "Nikivimeza vyote vitatu magharibi, hesabu si ileile?"

Wakati huo nilikuwa nimeshapokea cheti cha mtu wa nyuma yake na macho yangu yalikuwa kwenye cheti. Nilisema, "Hesabu ni ileile. Ilimradi viwe vitatu."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuyapunguza wala sikuyapamba. Zubeida alikuwa ameshika ile karatasi. Aliyarudia taratibu, kama mtu anayeelekezwa nyumba asiyoijua: vitatu, magharibi. Nikamwambia, "Ndivyo." Nikaita mwingine.

Jumatano tarehe 3, saa kumi na moja jioni, nilipita dukani nikitoka kazini. Marehemu alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, midomo imemkauka. Sisi tulikuwa kwenye Kwaresima, akanitania, "Nyie mnaacha nyama Ijumaa tu, kisha mnasema mmefunga." Nilimwuliza hali. Akasema dawa ni nzuri, jana alivimeza vitatu wakati wa kufuturu, akatapika mara moja tu, akalala kama gogo. Ila alipoinuka kwenda kusali dunia ilimzunguka akashika ukuta. "Njaa hiyo," akasema. Nikacheka, nikamwambia njaa ya siku moja isimtishe. Kizunguzungu kile ndicho daktari alichonionya. Nilikisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikachukua sukari yangu nikaenda.

Alhamisi tarehe 4, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, nilikwenda kununua mafuta ya taa. Marehemu alikuwa amechomwa sindano ya tatu asubuhi ile na tangu adhuhuri alikuwa ametapika mara nne, bila tone la maji. Hata hivyo alinikaribisha. Alisema mtu hafukuzwi saa ya futari, hata kama ni Mhaya. Tulikaa uani kwenye mkeka, yeye, mkewe na mimi. Zubeida alileta uji, na kisahani chenye tende tatu na vidonge vitatu.

Saa kumi na mbili na nusu adhana ilisikika. Marehemu alikula tende moja, akameza vidonge vyote kwa maji, akanywa uji kidogo. Kabla ya kumpa, Zubeida alikuwa amenitazama, mimi mtu wa hospitali. Nilitikisa kichwa kukubali. Katika maelezo yangu ya kwanza nilisema nilimwona Zubeida akimpa mumewe vidonge. Sikusema kwamba aliniangalia kwanza.

Marehemu alikuwa hana nguvu, akakaa kwanza. Saa moja na dakika tano alisema wakati wa sala ya magharibi unakwisha naye hajatawadha. Aliinuka kwa haraka. Alipiga hatua mbili, miguu ikamlegea, akaanguka, kisogo kikagonga pembe ya karo la saruji. Nilimshika mkono. Mapigo ya damu niliyapata kwa shida. Zubeida aliweka kichwa chake mapajani na kuniambia, "Bwana Theonest, fanya kitu." Sikuwa na la kufanya. Mdogo wa marehemu, Awadh bin Said, alileta gari, lakini marehemu alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Awadh hakujua kaka yake ana saratani. Aliporudi alikiona kisahani na ile karatasi ya dawa, akauliza, "Huyu mwanamke amempa nini?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa kazi, na niliogopa zaidi kujisikia nikisema. Jumamosi nilipoitwa hapa niliulizwa niliona nini, nikajibu nilichoona. Sikuulizwa nilisema nini, nami nikajificha humo.

Jana, Jumapili tarehe 7, Jovina alimletea Zubeida chakula hapa kituoni. Aliporudi nyumbani, saa nane mchana, hakukaa. Alisema, "Mama Wahiba amekutumia salamu. Anasema ukija uwaambie kwamba alifuata vilevile ulivyomwelekeza. Anadhani hujapata nafasi ya kuja." Kisha akaniuliza, "Ulimwelekeza nini?" Nilimweleza. Hakunigombeza. Aliniambia nivae viatu. Nilimwambia kwamba ni Jumapili, akanijibu kwamba mwenzetu yumo ndani Jumapili hiyohiyo. Hata hivyo nilingoja hadi asubuhi ya leo. Nalo naomba liandikwe.

Leo nimeomba ile karatasi ya dawa iliyochukuliwa kwa marehemu iletwe mezani, na Koplo Albano amehesabu mbele yangu. Vimebaki vidonge kumi na viwili. Nilitoa ishirini na kimoja. Siku tatu, kwa vitatu, ni tisa. Zubeida hakuongeza hata kimoja. Kama angekusudia kumdhuru, vidonge vingepungua zaidi. Iliyoua ni hesabu yangu, si yeye. Ningesema maneno ya daktari kama nilivyopewa, jambo lisilozidi dakika mbili, marehemu angechagua mwenyewe kufungua au kuacha dawa, lakini angechagua akijua. Nilimpenda Bwana Muhsin, na nina aibu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ndiyo niliyoyasema. Safari hii sikubakiza kitu.

(Sahihi) Theonest Kamugisha

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Koplo Albano, na kumsomea shahidi. Alisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "ameuawa na hesabu", akataka isomeke "iliyoua ni hesabu yangu". Daktari ameulizwa kwa simu naye amethibitisha maelekezo aliyoyatoa. Saa tano asubuhi Inspekta aliamuru Zubeida binti Hija aachiwe. Alisomewa maelezo haya mbele ya shahidi. Aliuliza jambo moja, "Yaani ningempa kimoja kimoja?" Shahidi alijibu, "Hukuambiwa." Zubeida aliuliza tena vilevile. Shahidi akajibu, "Ndiyo, Mama Wahiba." Zubeida ameondoka na mke wa shahidi. Shahidi amebaki kituoni.